Tumbo la Mume Wangu Libaki Mokambo

Katuba, Élisabethville
Tarehe 7 Juni 1956

Kwa Mjomba Kunda, mkubwa wa ukoo wetu,
Mufulira, Rhodesia ya Kaskazini

Mjomba wangu mheshimiwa,

Hapana, sikumkataa. Nasema tena yale niliyosema uani kwako mbele ya mama zangu wote, nikaambiwa ninyamaze kwa sababu bibi harusi hasemi: kufunika chungu si kumkataa mume. Barua yako imefika salama, na nashukuru niliisoma nikiwa nimekaa. Unaandika kwamba kwa desturi ya ukoo wetu chungu cha matebeto, karamu ya kumpikia mkwe, kikishafunuliwa mbele ya mkwe hakifunikwi tena mpaka ameonja. Unaandika kwamba bibi harusi akikifunika kwa mkono wake mwenyewe, ametangaza mbele ya watu kwamba mwanamume huyo hamtaki. Kwa hiyo mbele ya ukoo mimi sasa sina mume, na ninatakiwa kurudi Mufulira kabla ya mwezi huu kwisha, ama nikifunue chungu kile kwa mkono uleule na Alexis ale, ama nibaki kwenu kama msichana.

Mjomba, mimi ndiye sina mume? Niandikapo haya ameketi mbele yangu, anasoma gazeti, mwanga wa dirisha umemwangukia shavu moja. Naandika mstari, namtazama, naandika mstari. Ndiyo sababu mwandiko wangu leo umepinda, nawe uliyenilipia shule usidhani nimesahau kuandika.

Nataka kukuletea malalamiko yangu kwa utaratibu, lakini kwanza nikukumbushe mtu huyu ni nani, kwa maana nadhani ninyi mlimwona tumbo tu, hamkumwona Alexis.

Nilimwona mara ya kwanza mwaka jana, kwenye karamu ya komunyo ya kwanza ya mtoto wa jirani. Sahani zilizunguka, watu walinyoosha mikono, na yeye peke yake aliweka kiganja juu ya sahani yake tupu akasema asante, inatosha. Alikataa nyama ya mbuzi kwa sauti ya upole zaidi kuliko ile ambayo wengine waliiombea. Nilidhani anafunga kwa ajili ya nia fulani, na moyoni nikatamani nia hiyo iwe mimi. Baadaye, tulipoanza kuzungumza, akaniambia kwa aibu kwamba si kufunga, ni tumbo. Limemsumbua tangu ujana, na daktari kwa daktari ameshindwa. Basi nikampenda zaidi. Kufunga huisha Pasaka, lakini tumbo ni la siku zote.

Baada ya ndoa yetu nilimpeleka mwenyewe kwa daktari, Bwana Munganga, akamwambia ale chakula chepesi. Hakusema zaidi, maana mlangoni palikuwa na watu wengi. Lakini mimi, Mjomba, kwa masista nilikuwa wa kwanza darasani katika somo la chakula cha wagonjwa, na nilipewa zawadi kwa mchuzi mweupe. Chakula chepesi nakijua. Asubuhi ni maziwa, mchana ni viazi vilivyopondwa kwa maziwa, jioni ni biskuti zilizolowekwa katika maziwa, na kabla ya kulala kikombe kimoja cha maziwa ya moto. Hiyo ndiyo rejimu. Pilipili, maharagwe, majani ya sombe, samaki mkavu na kinywaji cha munkoyo haviingii mlangoni kwangu, na viwavi hatuvitaji hata kwa jina. Alexis hunywa kila kikombe mpaka mwisho, akinitazama machoni. Kisha hushika tumbo, huugua kidogo, nami humshika mkono. Sidhani kama hapa Katuba kuna nyumba nyingine yenye jioni tamu kama zetu.

Sasa malalamiko.

1. Mpakani. Nilikuwa nimefunga safari ya kuja kwenye matebeto kama mtu mwenye akili: sanduku moja la nguo, sanduku moja la makopo ya maziwa, biskuti, na sufuria ndogo ya kuchemshia. Njia nzima kutoka hapa hadi Mokambo Alexis alikunywa vizuri na kuugua vizuri. Tukashuka kwenye treni, na pale Mokambo askari wa forodha akafungua sanduku la pili, akayatazama makopo, akanitazama mimi, akauliza, "Mama, mutoto iko wapi?" Nikamjibu kwamba hakuna mtoto, ni ya mume wangu. Askari hakucheka. Ningependa angecheka. Aliwaita wenzake polepole, wakaja wakasimama mbele ya Alexis wakamwangalia kuanzia viatu mpaka kofia, yeye karani wa reli mwenye tai. Mmoja akataka kujua kama ameshaota meno. Nalalamika kwamba ukoo wetu, unaojulikana pande zote mbili za mpaka, haukutuma mtu wa kutupokea na kuwaeleza wale watu kuhusu rejimu.

2. Lori la kutoka Mokambo kuja kwenu. Nilikaa karibu na mama mmoja wa Kasenga mwenye vikapu vya samaki, mtu mwema, ambaye alinitazama nikimimina maziwa katika kikombe na kumpa Alexis, akaniinamia sikioni. "Mwanangu, umuachishe polepole," akasema. "Ukimukatiza mara moja atasumbua nyumba." Namsamehe, kwa sababu hakujua. Lakini abiria wengine walitangulia kushuka, na habari ya maziwa ilifika uani kwako kabla yetu, ikiwa imenona njiani. Nilipoingia nilimkuta Mama Mutale, dada mkubwa wa mama yangu, ameshatandika nguo ya mtoto mchanga kitandani, na wakinamama wanahesabu miezi tangu ndoa kwa vidole wakinitazama pembeni. Hakuna aliyeuliza. Kila mmoja alinishika tumbo akisema nimenenepa. Mjomba, tumbo lililohitaji kushikwa kwa huruma lilikuwa limekaa pale mlangoni, limevaa tai, na hakuna hata mmoja aliyelisalimu.

3. Matebeto yenyewe. Hapa naomba usome taratibu.

Najua kwamba matebeto ni heshima, na kwamba mmempikia mkwe ili aone binti amelelewa katika nyumba inayojua kupika. Najua wakinamama waliamka mapema. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, nimefunikwa kitambaa kichwani kama inavyopasa, na kitambaa hicho nilikitoboa kwa kidole. Nilimwona Alexis ameketi kwenye kiti, Émile pembeni yake. Émile ni rafiki yake wa kazini na ndiye mshenga aliyeleta posa kwenu, mnamfahamu, aliyemaliza kuku. Wakinamama wakaja kwa mstari na vyungu vichwani, wakaimba, wakavipanga kwenye mkeka, na Mama Mutale akaanza kufunua.

Kuku, Alexis akaonja. Nilijishika. Sombe ya karanga, akaonja, nikauma kitambaa. Maharagwe, akaonja, na mimi nikaanza Salamu Maria. Samaki wa Kasenga mwenye pilipili, akaonja, na nikaona jasho katika paji la uso wake lile zuri. Kila mtu alikuwa anapiga vigelegele. Mjomba, mimi ndiye mtu pekee katika ua ule aliyejua kwamba mnampigia vigelegele mtu anayekufa.

Ndipo Mama Mutale akafunua chungu cha mwisho, cha Kambo Chileshe, bibi yangu. Viwavi vilivyokaangwa kwa nyanya. Harufu ilipita hata pazia. Alexis akanyoosha mkono. Hapo miguu yangu ilitoka kabla yangu. Kitambaa kilianguka, nilivuka mkeka, nilikichukua kifuniko mkononi mwa Mama Mutale na kukirudisha juu ya chungu. Ngoma ilinyamaza. Kilichosikika ni Émile peke yake, akitafuna.

Alexis mkono wake ulikuwa bado hewani. Akaniambia polepole, "Delphine, acha nionje." Hebu fikiri uungwana huo. Mtu anaomba ruhusa ya kufa ili asiwavunjie watu adabu. Nami nikaweka mikono yote miwili juu ya kifuniko.

Mambo yaliyofuata unayajua, ulikuwa umesimama pale na kofia yako mkononi. Mama Mutale alikaa chini akalia kwamba binti amemrudisha mume hadharani. Ninauliza sasa: ni ukoo gani duniani ambao binti yake anamwokoa mume kwa mikono miwili, na ukoo unasema amemwacha?

4. Kutenganishwa. Kwa kuwa mliamua kwamba nimemkataa, mlinilaza siku mbili nyumbani kwa Mama Mutale nishauriwe, pamoja na makopo yangu yote ya maziwa, na Alexis mkampeleka kwa Kambo Chileshe bila kopo hata moja. Nilimsikia Kambo akipita naye mlangoni, amemshika mkono, akiwaambia majirani kwa sauti, "Kama mujukuu wangu amemukataa, atanioa mimi." Najua bibi ana haki ya kumtania mkwe wake, na watu walicheka. Mimi nililia katika mto.

Na mlinirudishia mtu gani? Nilipompata tena, hakuugua hata mara moja. Alikuwa amenyamaza kabisa, ametulia, kama mtu aliyekata tamaa ya maisha. Kambo aliniambia alilala usiku kucha bila kugeuka. Hivyo ndivyo hulala mtu ambaye hana tena sababu ya kuamka. Mashavu yalikuwa yamemjaa, nadhani ni kwa machozi aliyoyazuia. Nilimpa kikombe cha maziwa palepale kituoni Mokambo, akanitazama muda mrefu, akanywa, na hata kabla treni haijapata mwendo alikuwa ameshika tumbo na kuugua kama zamani. Nikajua mume wangu amenirudia. Nililaza kichwa changu begani mwake mpaka Élisabethville.

5. Wimbo wa kifuniko, ambao wasichana wa mtaa wenu wameutunga, umefika huku kabla ya barua yako. Una sauti nzuri, nakiri. Hata hivyo nalalamika.

Hayo ndiyo yaliyonipata. Sasa naomba mambo machache, na kama hili la kwanza ni zito basi mnipe la pili.

Naomba ukoo utangaze kwamba chungu kikifunikwa kwa mapenzi hakijafunikwa.

Ikiwa hilo haliwezekani, naomba Émile ale kwa niaba. Hili nimelifikiria sana. Alipokuja kwenu na posa, mdomo uliosema "ninampenda binti yenu" ulikuwa mdomo wa Émile, nanyi mkakubali bila shida kwamba aliyependa ni Alexis. Basi mdomo huohuo ukila viwavi, kwa nini isihesabiwe kwamba aliyekula ni Alexis? Mshenga hawezi kuwa mdomo wa kuomba tu, halafu wakati wa kula akawa mtu mwingine. Nimemuuliza Émile mwenyewe, amekubali kwa moyo wote, na tangu hapo kila asubuhi anapita kuuliza ni lini.

Ikiwa ukoo unasema lazima ale mume mwenyewe, basi lazima kipikwe kinacholiwa na mume mwenyewe. Naomba matebeto yarudiwe kwa rejimu: chungu cha viazi vilivyopondwa, chungu cha biskuti, chungu cha mchuzi mweupe, na cha mwisho, cha Kambo Chileshe, kiwe cha maziwa. Nyimbo zibaki zilezile, mbadilishe maneno tu. Niko tayari kumfundisha Kambo mchuzi mweupe. Siri yake ni kukoroga bila kupumzika na kutofikiri jambo jingine. Na ili Alexis asijaribiwe na harufu, ingefaa nyumba zote za ukoo, pamoja na jirani wa kulia na wa kushoto, zishike rejimu majuma mawili kabla ya sisi kufika.

Ikiwa na hilo ni gumu, basi, Mjomba, wewe ni mtu anayesikilizwa Boma. Forodhani wana desturi ya kuzuia kitu kisichoruhusiwa na kumwacha mwenyewe apite. Nimewaona wakizuia chupa za mtu na yeye akaendelea na safari. Waombe watumie sheria hiyohiyo kwetu. Tumbo la mume wangu libaki Mokambo, chini ya ulinzi mzuri, lipewe maziwa yake kwa saa zake, na Alexis mwenyewe avuke aje kwenu ale chochote mtakachompa. Tukirudi tutalichukua. Sijui hasa jambo hili hufanywaje, lakini serikali mbili zilizoweza kuukata msitu mmoja katikati na kusema huku Kongo na huku Rhodesia haziwezi kushindwa na mtu mmoja.

Na kama hata serikali zimeshindwa, limebaki moja. Ukoo wote uhamie huku. Katuba bado kuna nafasi, hewa ni nzuri, na mkija bila vyungu tutapokea kila mtu.

Zaidi ya hayo siji. Unisamehe, Mjomba, wewe uliyenilea baada ya mama yangu kufariki, na ambaye sijawahi kukukatalia neno. Lakini kama ni lazima nichague kati ya kuitwa msichana huko na kuwa mjane huku, niiteni msichana. Mpaka nitakapojibiwa mkono wangu hautagusa kifuniko, na Alexis hataonja kitu kilichopikwa kusini ya Mokambo maadamu mimi ni hai na duka la Mgiriki lina maziwa.

Nisalimie Kambo Chileshe, umwambie sina kinyongo naye ingawa ameniibia mume siku mbili. Nisalimie Mama Mutale na nguo ile ya mtoto aiweke pazuri, huwezi kujua. Salamu kwa wake wa wajomba, kwa wasichana wa wimbo, kwa jirani wa kulia na wa kushoto, kwa yule mbwa aliyekula mfupa wa kuku wa Émile, na kwa kila mtu aliyebeba chungu siku ile.

Ninapiga magoti nikikupa barua hii kwa mikono miwili, kama ambavyo ningefanya kama ningekuwa mbele yako,

mtoto wa dada yako mwenye furaha na uchungu kwa pamoja,

Delphine Mwaba, mke wa Alexis Kalenga

Nyongeza. Mjomba, bahasha ilikuwa bado wazi, nikamsomea Alexis barua yote, kwa sababu sisi hatufichani kitu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikidhani.

Alisikiliza vizuri mpaka nilipofika penye namba 4. Hapo aliweka gazeti chini, akaenda kusimama mlangoni, amenipa mgongo, mabega yakimtikisika. Nikaacha kusoma nikamwendea nimfute machozi. Alikuwa anacheka, Mjomba. Alicheka mpaka akashika ukuta, na ni mara ya kwanza tangu tuoane namwona akishika kitu kingine kisicho tumbo lake.

Kisha akanikalisha. Akaniambia kwamba kwao kaskazini, utotoni, hakujua hata tumbo liko upande gani. Lilianza kumuuma alipoingia seminari, ambako mapadri waliwapa maziwa ya unga kila asubuhi, na halikuacha alipokuwa karani, kwa kuwa karani hunywa chai ya maziwa. Siku ile kwa Kambo, baada ya aibu yote, Kambo alimwekea ugali wa bukari, sombe, maharagwe na bakuli la viwavi vyenye pilipili, akamwambia ale, kwani bibi mzee kama yeye hawezi kuolewa na mtu mwenye njaa. Alexis alikula akijua kwamba anakufa. Aliamka jua limeshatoka, anasikia njaa. Akala tena. Kwa siku mbili hapakumuuma hata mahali padogo kama kucha.

Nikamuuliza kwa nini basi alikunywa kile kikombe kituoni, na vikombe vyote tangu siku ile, na vyote vya kabla yake, bila kusema neno.

"Ni juu ya namna unavyoyakoroga ukiimba," akasema. "Ningesema namna gani?"

Shuleni tulisoma visa vya watu waliokunywa sumu kwa ajili ya mapenzi, na masista waliruka kurasa hizo kwa sababu tulilia sana. Lakini wale, Mjomba, walikunywa mara moja tu.

Nimelia, nimecheka, nimemwaga maziwa yaliyokuwa jikoni, na makopo yaliyobaki nimempa jirani mwenye mtoto wa kweli. Nilitaka kuchana barua hii, lakini Alexis amenikataza. Anasema ina mambo mazuri juu yake ambayo angependa ukoo uyasome. Basi isomeni mpaka penye salamu, kisha msishike lolote. Émile nitamwambia hatakiwi, ingawa atakuja hata hivyo.

Tutafika kwenu kabla ya mwezi huu kwisha. Kambo akipike chungu chake, na kiwe kikubwa. Nitakifunua mwenyewe mbele ya mama zangu wote, na desturi inisamehe, mara hii sitakaa nyuma ya pazia, kwa sababu nataka kumwona akila.